Jogoo Aliyerudishwa

Dodoma, 12 Juni 2024

Kwa Sila, mwizi wa kuku,

Mbukwa. Sikuulizi hali, najua ni nzuri. Mtu anayekula jasho la wenzake hali yake huwa nzuri siku zote.

Nakuandikia barua kama watu wa zamani kwa sababu simu yako kioo kimekufa na meseji huzisomi. Tena hata ukinipigia sitaongea. Daktari amenikataza kutoa sauti, hata kunong'ona, eti kunong'ona ndiko kubaya zaidi. Hapa hosteli ya wagonjwa nikitaka maji natikisa kikombe.

Ule ukavu wa koo mliosema ni vumbi la kupura mtama si vumbi. Waliniingiza mpira wenye taa puani mpaka kooni, wakanyofoa kinyama, wakakipima. Ni saratani. Imekaa kwenye nyuzi za sauti, bado ndogo. Nimeliandika neno hilo mara moja na sitalirudia, lisije likanizoea.

Daktari wangu anaitwa Hamida. Ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu, lakini haongei kwa kuzungukazunguka. Anasema njia ni mbili. Kisu, ambacho kitaondoa zoloto lote, nitapumulia tundu la shingoni na sauti ndiyo basi tena. Au mionzi, ambayo inachoma pale pale penye ugonjwa na sauti inaweza kubaki. Mwingine angerukia mionzi. Shida yangu ni lupus. Wewe unaijua kama ugonjwa wa mwamvuli, kwa vile nakimbia jua, lakini daktari amenieleza vizuri: kinga ya mwili wangu imegeuka, inaupiga mwili wenyewe. Ni kama yule mbwa wako anayewauma watoto wa nyumbani na kumtikisia mkia mwizi. Zamani, anasema, mtu wa lupus alikuwa hachomwi kabisa, maana nyama zake zinaweza kuungua kupita za wengine na kupona kwa shida. Siku hizi wanachoma, kwa tahadhari. Nilipomwandikia kwenye karatasi, "Je, mimi nitapona?" alijibu, "Mama Loisi, siwezi kukuahidi." Nilimpenda kwa hilo.

Nimepewa wiki moja niamue. Kaka Ernest anataka kisu. Wewe huna akili, lakini nataka kusikia unasemaje.

Nimechoka, Sila. Miaka yote hii nimekimbia jua nikidhani namjua adui yangu.

Yule jogoo wangu mwekundu najua ulimchukua siku ile ile basi lilipoondoka. Sawa. Alichochukua mtani hakirudi, ndivyo tulivyorithi. Ila umlishe.

Loisi


Kibakwe, 17 Juni 2024

Kwa Loisi Mwamvuli, binti wa shangazi yangu, ambaye bwana harusi alipomwona kanisani aliomba ruhusa ya kwenda kujisaidia,

Mbukwa. Barua imeletwa na Anthony, kondakta, ikinuka samaki mkavu. Nikajua imetoka kwako kabla sijaifungua.

Jogoo gani? Mimi nina jogoo wangu mwekundu niliyemrithi kwa mtu aliyesafiri.

Nimemsomea Ernest barua yako baada ya ibada. Kaka yako ni mwinjilisti, hasemi kwa kifupi. Amesema Mungu haangalii sauti, anaangalia moyo, kwa hiyo ukatwe hicho kikoromeo urudi nyumbani ukiwa hai. Nikamwambia Mungu sawa, lakini sisi watani tunaangalia sauti. Akasema mimi nitatania mpaka mlango wa motoni. Nikamwambia huko nitakukuta wewe unapuliza makaa.

Haya, unataka neno langu. Sikuambii uchague nini. Nikisema mionzi ukaungua, nitakuwa nimekuchoma mimi. Nikisema kisu ukanyamaza, nitakuwa nimekunyamazisha mimi. Ila nakumbuka msiba wa mzee Yohana, ulivyolala njiani mbele ya jeneza ukapiga kelele kuwa haliendi popote mpaka upewe kuku, kwa sababu marehemu alikuwa mchoyo na huo ndio mwisho wa kumtoza. Mpaka wajane walicheka. Sasa nikifa mimi, nani atalala mbele ya jeneza langu? Ernest?

Juzi jioni nilikutukana hapa uani kwa mazoea, nikasubiri jibu. Hakuna. Nilijiona mwehu.

Sila, mume uliyemkosa


Dodoma, 27 Juni 2024

Sila, usiye na haya,

Nimechagua mionzi. Mwambie Ernest wewe, mimi sina sauti.

Nimeanza Jumatatu. Kuna kijana wa mashine anaitwa Anyitike, mtu wa Mbeya, mpole. Alichovya wavu wa plastiki kwenye maji ya moto ukalegea, akanilaza, akaukandamiza usoni na shingoni mpaka ukashika sura yangu, pua na kila kitu. Sasa kila siku ananilaza, ananivalisha, anaufunga kwenye kitanda ili nisitikisike hata kidogo. Kwa hiyo nina sura mbili, na wewe uliwahi kusema hata moja imezidi. Mashine inazunguka inaguna, dakika chache basi. Haiumi. Wanasema maumivu yanakuja nyuma yake.

Ni Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki sita na nusu. Daktari Hamida amenikazia jambo moja kuliko yote: nisikose siku. Ukikosa siku, ugonjwa nao unapata nafasi ya kupumua. Kidonge kimoja cha lupus amekisimamisha, kingine ameniacha niendelee nacho, na damu napimwa kila wiki.

Kitanda cha pili yupo Asma wa Kolo, anatibiwa ziwa. Anaongea kwa ajili yetu wawili. Aliniona nacheka bila sauti juu ya barua yako, akaomba asome, akashtuka. "Huyu mtu anakuchukia?" Nikamwandikia: ni mtoto wa mjomba, mtani wangu. Akasema aa, basi huyo anakupenda.

Nikamwandikia pia habari ya mzee Luka, unaikumbuka. Alimtukana mtani wake Msafiri maisha yao yote, kwenye harusi, kwenye misiba, hata Msafiri alipolazwa. Siku moja akaingia ndani, akavua kofia, akamwambia, "Pole, ndugu yangu." Msafiri akageukia ukutani, na kesho yake wakamzika. Asma alicheka mpaka akashika ziwa.

Basi na wewe ujue. Siku utakayoniandikia kwa adabu nitajua mmeshachimba.

Loisi


Kibakwe, 5 Julai 2024

Loisi wa sura mbili,

Nimesikia kwa mke wa Anthony kuwa wanaochomwa kooni chakula hakipiti. Kwenye mfuko huu kuna mlenda mkavu. Umekaushwa na mke wangu, kwa hiyo ni safi. Ningeukausha mimi ungekufa kwa mlenda kabla ya hicho kingine. Unateleza wenyewe, hauhitaji koo la maana.

Vitunguu vyako vimestawi. Vyangu havijastawi. Nafikiria kuhamisha mpaka.

Jogoo wangu wa urithi anawika saa za ajabu, kama wewe enzi zako. Majirani wamelalamika. Nimewaambia wavumilie, mwenyewe atarudi.

Ernest anakuja kukuona Jumapili ijayo. Umvumilie, ataomba sala ndefu na wewe huwezi hata kukohoa kumkatisha.

Sila


Dodoma, 15 Julai 2024

Sila,

Leo nitakuandikia kidogo, vidole vimevimba.

Yaliyosemwa yanakuja nyuma yamekuja. Ngozi ya shingo imebabuka mpaka kifuani. Wengine walioanza na mimi wamekuwa wekundu tu kidogo, mimi natoka maji. Kumeza mate ni kumeza miiba. Lupus nayo imeamka, magoti, viganja, ule upele wa usoni. Mlenda wako peke yake ndio unaopita. Mshukuru mkeo, wewe sikushukuru.

Ernest alikuja jana. Aliponiona alisahau sala. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akalia, mtu mzima, mbele ya Asma. Halafu akatoka kwenda kuongea na daktari, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alinishika kichwa, akasema, "Yote yatakuwa sawa," na hakuniangalia. Sikuwa na nguvu ya kumwandikia swali.

Asubuhi nikiamka natamani iwe jioni, na jioni natamani isiwe asubuhi. Naenda kwenye mashine kwa sababu miguu imezoea njia. Nitukane kidogo, nisikie niko nyumbani.

Loisi


Kibakwe, 20 Julai 2024

Kwa dada mpendwa Loisi,

Bwana asifiwe sana.

Natumaini barua hii itakukuta katika mikono ya Mungu. Sisi sote nyumbani tunakuombea kila jioni. Kaka Ernest amefika salama na ametueleza hali yako, na sote tumeguswa sana.

Nakuomba usiwaze lolote kuhusu shamba na nyumba. Vitunguu tutavivuna kwa pamoja na vitauzwa vizuri. Kila kitu tumeshakipanga.

Pia nakujulisha kuwa jogoo wako nimemrudisha bandani kwako, ni mzima, na hakuna mtu atakayemgusa. Nakuomba radhi kwa maneno yote niliyowahi kukutamkia.

Pole sana, dada yangu. Mungu ni mwema wakati wote.

Ndugu yako,
Sila


Dodoma, 25 Julai 2024

Kwa ndugu yangu Sila,

Bwana asifiwe.

Barua yako nimeipata jana asubuhi nikiwa navaa kwenda kwenye mashine. Nimeisoma mara moja, imetosha. Nakushukuru kwa kunijulisha kwa njia ya heshima. Ernest alishindwa, nawe umeweza.

Jana sikwenda. Leo pia sikwenda. Anyitike alimtuma mtu kuniulizia, nikajifanya nimelala. Daktari Hamida sikumwendea. Nimuulize nini tena? Jogoo ameshajibu. Mtani harudishi kitu mpaka mwenye kitu anapoondoka.

Sina hasira na mtu. Nilijua lupus haitakubali kuchomwa ikae kimya, nikajaribu tu. Nimepumzika siku hizi mbili, Sila, na sitakuficha, ni raha kulala bila kufungwa uso.

Nyumba abaki nayo binti yangu Brightness, akitaka kurudi kutoka Mwanza. Mwamvuli mpya mpe mkeo. Kanga zangu mbili nimempa Asma. Alikataa kwanza, halafu akazipokea, halafu akalia. Naomba mtu aje na basi la Jumatatu anichukue, nife naona vilima vya kwetu.

Na wewe unisamehe kwa yote niliyokutamkia.

Dada yako,
Loisi


Kibakwe, 26 Julai 2024

We Loisi! Mpumbavu mkubwa, mtoto wa mpumbavu, na shangazi anisamehe huko aliko!

Anthony ameniletea barua yako saa nne, nimeisoma nimesimama. Nakuandikia sasa hivi na yeye ananisubiri injini ikiwa inanguruma, abiria wananitukana, na wana haki.

Nani kakwambia unakufa? Sikiliza nikueleze kilichotokea. Ernest alirudi kutoka huko amehamanika. Daktari alimwambia kwamba shingo isipotulia huenda wakaipumzisha mashine siku chache, waongeze dawa ya lupus, halafu waendelee. Kaka yako katika hayo yote alisikia neno "wataipumzisha" tu. Akaja hapa akasema wamekata tamaa. Akasema mtu anayekwenda kwa Mungu hataniwi, na hadhulumiwi hata kuku. Alikaa mbele yangu nikiandika, nusu ya maneno ni yake. Hiyo "wakati wote" ungeitambua sauti yake hata ukiwa umezikwa. Nusu nyingine ni yangu, kwa sababu niliogopa. Mkono ulikataa kukutukana. Sijawahi kuogopa hivyo tangu nizaliwe.

Leo nimemshika Ernest nikamlazimisha apige simu kwa huyo Hamida, nikasikia kwa masikio yangu. Amekasirika. Anasema amekutafuta siku mbili. Anasema umeungua kweli, zaidi ya alivyotaka, lakini uvimbe unasinyaa, umesikia? Unasinyaa! Wewe unagawa kanga!

Sasa kuhusu jogoo. Nimemchinja. Sasa hivi, kabla ya kushika kalamu, mke wangu ni shahidi na ananiita mwendawazimu. Tutamla mchana na ugali wa uwele. Ni mzee, atakuwa mgumu kama tabia yako. Nimekuwekea unyoya wake kwenye bahasha usije ukasema natania.

Kwa hiyo huyo hakurudi, na hatarudi. Nimekudhulumu mchana kweupe. Mtu mwenye kuku wa kudai hafi, Loisi, anakaa hai kwa uchungu tu. Jumatatu kalale chini ya hiyo sura yako ya pili. Usipokwenda nakuja Dodoma na nitakutania mbele ya madaktari wote kwa sauti yangu hii, na wewe hutaweza kujibu.

Mwizi wako,
Sila


Dodoma, 30 Julai 2024

Sila, mla vya watu,

Unyoya umefika. Nilicheka. Kicheko kilinichana koo mpaka Asma akaita nesi.

Jana nimerudi kwenye mashine. Daktari Hamida amenigombeza kwa dakika nyingi kuliko mionzi yenyewe. Siku nilizokosa wataziongeza mwishoni. Anasema hatapenda kuziona nyingine. Dawa ya lupus imepandishwa. Sijapona chochote, shingo bado ni kidonda, na nimechoka kiasi ambacho sina neno lake. Lakini Anyitike alipokuwa anafunga ule wavu nilikuwa nawaza jinsi nitakavyokufanya, na dakika zikapita.

Kanga nimeziomba zirudi. Asma amenirudishia moja. Nyingine amesema ni ya utani.

Loisi


Dodoma, 11 Oktoba 2024

Kwa Sila,

Mbukwa.

Mionzi iliisha Agosti kama unavyojua, na tangu hapo ni kusubiri ngozi ifunge. Imefunga. Imekuwa ngumu, shingo haigeuki vizuri, na Daktari Hamida anasema huenda ikakaza zaidi miaka inayokuja kwa sababu ya lupus. Ameniambia nisihesabu kuwa yamekwisha. Nitarudi kupimwa mara kwa mara mpaka nizeeke, kama nitapewa kuzeeka. Lakini leo amechungulia kwa ule mpira wenye taa, akachungulia tena, na hakuuona ugonjwa.

Halafu akasema, "Haya mama, toa sauti. Neno lolote."

Ernest alikuwepo, amekuja kunichukua. Akaniinamia akasema, "Sema Haleluya, mdogo wangu." Asma kwa simu asubuhi alikuwa ameniambia niseme Alhamdulillahi. Nikafikiri nitasema lipi ili nisimuudhi mtu. Miezi minne sikuwa nimetamka kitu, Sila. Niliogopa kufungua mdomo kuliko nilivyoogopa mashine. Nilifikiri, na kama hakuna kitu?

Nikafungua. Kikatoka kitu kizito, cha kukwaruza, kama mlango wa zizi, sikujua ni mimi. Kilisema, "Jogoo wangu."

Daktari akauliza, "Mama anataka nini?" Ernest akajaribu kumweleza akashindwa. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, mwinjilisti mzima, anapangusa macho kwa tai. Mwishoni akamwambia, "Ni jambo la kifamilia." Halafu akanigeukia akasema, "Sema tena."

Nikasema tena. Ikatoka mbaya vile vile. Daktari anasema haitakuwa kubwa kama zamani na itachoka upesi, nisiipoteze ovyo. Basi njiani kote nitanyamaza, hata Anthony akinisalimia nitampungia mkono.

Nashuka kesho. Sitapita kwangu kwanza. Nitakuja moja kwa moja mpaka uani kwako na mwamvuli wangu, nitasimama mlangoni na nitadai. Maneno ninayo mengi, nimeyaweka tangu Juni, na yatatoka polepole. Usinipe pole. Usinijibu. Nyamaza unisikilize mpaka mwisho.

Loisi